Mtemi Kidaha Makwaia

Usiha ni nchi ya Wasukuma katika Shinyanga. Huko ndiko alikotawala Mtemi Makwaia, na mwanawe Kidaha alizaliwa mwaka wa 1922. Mtoto alipelekwa kusoma Tabora, katika shule walimofunzwa wana wengi wa watemi, kisha akaenda Makerere katika nchi ya Uganda. Mwaka wa 1945 alikalia kiti cha baba yake, naye ni kijana bado.

Mwaka huo huo Gavana alimwita kwa kazi nyingine. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka wa 1926, na kwa muda wa karibu miaka 20 hapakuketi Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mambo ya Waafrika yalisemwa na Wazungu. Basi, Kidaha na Mangi Abdiel Shangali wa Machame ndio waliotangulia kuingia. Hawakupigiwa kura na watu, bali Gavana ndiye aliyewateua. Nao walikuwa wawili tu kati ya wengi. Wangesema neno jema namna gani, hawakuwa na nguvu ya kuizuia Serikali.

Tena kule nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Serikali iliagiza Wasukuma wapunguze ng'ombe zao, walime kwa matuta, na watemi ndio waliopaswa kuwatimizisha watu amri hizo. Kwa Msukuma ng'ombe ni akiba, tena ni mahari. Ni nani angefurahi kuambiwa awapunguze? Hivyo mtemi aliyeketi Barazani Dar es Salaam alivutwa huku na huku, na raia zake na Serikali iliyomteua.

Mwaka wa 1953 Kidaha aliwekwa katika Tume ya Kifalme iliyochunguza habari za ardhi na watu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata aliacha utemi. Ndio mwaka ambao chama cha TANU kilizaliwa. Mwaka wa 1958 watu wa Geita walikataa baraza jipya la wilaya lililochanganya mataifa, wakaenda makundi kwa makundi mpaka Mwanza kumlalamikia mkubwa wa Serikali. Wakati huo Kidaha alikuwa amekwisha kuondoka kitini.

Alimwoa Mwami Theresa Ntare wa Heru katika Buha, naye pia alikuwa mtawala. Mwaka wa 1963 utemi ulifutwa katika Tanganyika yote. Kidaha aliishi miaka mingi baada ya hayo, akafa mwaka wa 2007.