Mchungaji Oberlin na Shule za Milimani

Katika milima ya Vosges, upande wa Alsace, iko nchi ndogo iitwayo Ban de la Roche. Vita ile ya miaka 30, iliyoanza mwaka 1618 na kukoma mwaka 1648, ilipita huko kama moto wa nyika. Vijiji vikawa ukiwa, na hata baada ya miaka mia watu wake walikuwa maskini mno, njia hawana, kusoma hawajui. Mchungaji Stuber alipofika huko akauliza habari za shule, akaonyeshwa kibanda kilichojaa watoto wenye kupiga kelele, na mzee mmoja amelala kitandani. Huyo ndiye mwalimu! Zamani alikuwa mchunga nguruwe. Nguvu zilipomwishia za kuwafuata nguruwe, akapewa watoto awachunge.

Mwaka 1767 Johann Friedrich Oberlin, mzaliwa wa Strasbourg, alimfuata Stuber katika usharika wa Waldersbach. Akakusudia kujenga nyumba ya shule iliyo imara. Watu wakakataa, wakihofu kwamba gharama zitawaangukia wao. Basi akawaahidi kuwa hawatatozwa kitu, akaomba fedha kwa rafiki zake wa mjini, akajenga. Na vijiji vingine vikapata shule baadaye. Sisi tuliopita milango ya watu kuomba mabati twajua maneno aliyoyasikia.

Lakini jambo tupendalo kulieleza zaidi ni habari za wasichana. Kijijini Belmont alikuwako binti, jina lake Sara Banzet, aliyekuwa akiwakusanya watoto na kuwafundisha kufuma kwa sindano. Baba yake hakupendezwa, maana aliona kazi ya nyumbani inapotea bure. Oberlin hakumkemea mzee yule. Alimwendea, wakapatana binti afanye kazi hiyo kwa ujira. Hapo ndipo zilipoanza shule za watoto wadogo zilizoongozwa na wanawake, na humo watoto walifuma huku wakisikia hadithi za Biblia, wakiimba, wakijifunza majina ya mimea, tena na Kifaransa, kwa kuwa nyumbani walisema lugha ya milimani tu. Sara alifariki mwaka 1774, angali kijana.

Kazi ikaendelea kwa Louise Scheppler wa Bellefosse, aliyeingia nyumbani mwa mchungaji akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Alikwenda kijiji kwa kijiji, hata wakati wa theluji. Mke wa Oberlin alipofariki mwaka 1783, akiacha watoto wengi, Louise aliwalea, wala hakutaka tena kupokea mshahara.

Vita havikuwaacha. Mwana mmoja wa Oberlin aliuawa akiwa askari mwaka 1793, na mwaka uliofuata mchungaji mwenyewe alikamatwa na watu wa mapinduzi, akapelekwa Sélestat. Robespierre alipoanguka, akafunguliwa, akarudi kwa watoto wake wa shule.

Alifariki tarehe 1 Juni 1826, akazikwa Fouday. Mwaka 1829 wakuu wa chuo cha elimu cha Paris, Académie française, walimpa Louise tuzo ya wema, faranga 5,000. Mwanamke huyu wa shamba, ambaye bila shule ile pengine asingalijua kuandika jina lake, alifariki mwaka 1837.