Montessori hakufunga shule saa tano

Korogwe na Handeni jina Montessori tunaliona kwenye vibao vya shule za chekechea, na nimeshakutana na wanaodhani ni mtakatifu. Jamani, alikuwa daktari! Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Miaka miwili baadaye akamzaa Mario nje ya ndoa, na mtoto akalelewa na watu wengine. Vitabu vingi hupita hapo haraka.

Januari 1907 akafungua Nyumba ya Watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma. Wazazi wa pale walishinda vibaruani, watoto wakabaki kuharibu kuta na ngazi, wenye majengo wakachoka. Shule ya nusu siku ingemsaidia nani? Ratiba aliyoichapisha inaanza saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni: usafi, masomo, chakula, michezo, kufinyanga udongo, kutunza mimea na wanyama.

Sasa njoo kwetu. Nilipokuwa fildi, watoto wa miaka minne walitoka saa tano na nusu. Mama yuko kwenye mkonge Korogwe, au shamba la mahindi Handeni, anarudi jioni. Anayempokea mdogo ni dada yake wa darasa la nne, aliyekatisha masomo. Wazazi wakiomba muda uongezwe, wanajibiwa eti Montessori ni ya asubuhi tu. Montessori yupi huyo? Huyu alifariki Uholanzi mwaka 1952, na ratiba yake ipo. Semeni ukweli basi: hakuna chakula cha mchana, hakuna mikeka ya kulalia, na mwalimu wa alasiri hana wa kumlipa.