Kabla ya kuchangia vyuo vikuu, tujifunze kwa Carnegie

Kila mwaka, vijana wakishagawiwa nafasi katika vyuo vikuu vya umma, huanza msimu mwingine usiotangazwa na mtu yeyote, nao ni msimu wa kutafuta karo. Wazazi huuza ng'ombe, walimu wakuu huandika barua za kuombea msaada, na majirani huitwa kuchanga. Mjadala kuhusu mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023, mjadala ambao umefika hadi mahakamani, umetukumbusha kwamba mfuko wa serikali una kina chake. Ndiyo maana husikika pendekezo kwamba kila chuo kikuu cha umma kiwe na wakfu wa kukichangia. Naliunga mkono pendekezo hilo. Hata hivyo, nina hofu kwamba tunalitamka neno wakfu huku mioyoni tukimaanisha harambee.

Kwa sisi ambao kazi yetu ni kuchunguza maneno, tofauti ya hayo mawili si ndogo. Harambee ni wito wa watu wanaovuta kitu kizito. Nguvu hutolewa kwa pamoja, mzigo husogea, kisha kila mtu huenda zake. Wakfu ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na shina lake lina maana ya kusimama. Watu wa Pwani wamelijua kwa karne nyingi. Mtu huliweka shamba lake la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti au madrasa, na tangu siku hiyo shamba haliuzwi wala halirithiwi. Kinachotumiwa ni nazi zake. Na kwa kuwa mali hiyo haina tena mwenyewe wa kuilinda, sharti awepo msimamizi, na msimamizi naye sharti awe na masharti ya kumwongoza.

Katika historia ya vyuo vikuu vya umma, maisha ya Andrew Carnegie yanalifafanua jambo hili vizuri. Simleti hapa kama mtakatifu, maana hakuwa mtakatifu. Namleta kwa sababu aliweka wakfu nyingi, nyingine kwa hekima na nyingine kwa kukosea, na makosa yake yana mafunzo sawa na mafanikio yake.

Carnegie alizaliwa tarehe 25 Novemba 1835 katika mji wa Dunfermline, Scotland. Baba yake, William, alikuwa mfumaji wa vitambaa kwa mkono, kazi iliyokuwa na heshima mpaka mitambo ya mvuke ilipowanyang'anya wafumaji riziki. Mwaka 1848 familia ilikopa pauni 20 kwa rafiki, ikavuka bahari hadi Allegheny, karibu na Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Andrew alikuwa na umri wa miaka 12, na masomo yake ya shule yalikomea hapo. Aliajiriwa katika kiwanda cha pamba kwa dola 1 na senti 20 kwa wiki, kisha akawa tarishi wa ofisi ya telegrafu.

Katika mji huo aliishi Kanali James Anderson, aliyewafungulia vijana wafanyakazi maktaba yake ya vitabu 400. Baadaye wasimamizi wa maktaba hiyo waliifasiri kanuni kwa ufinyu: wanagenzi waliofungwa kwa mikataba ya kujifunza ufundi wasome bure, na wengine walipe dola 2. Tarishi Carnegie hakuwa mwanagenzi. Aliandika barua gazetini, akabisha kwamba hiyo haikuwa nia ya mtoaji. Kanuni ikabadilishwa. Naomba walimu wenzangu walitafakari tukio hili. Kabla hajawa na senti ya kumpa mtu, kijana huyu alikwisha kuelewa kwamba zawadi ni jambo moja na kanuni za kuigawa ni jambo jingine, na kwamba kanuni mbaya yaweza kumfungia mlango yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Habari za utajiri wake zinajulikana, nami nitazipitia kwa haraka. Kutoka telegrafu alihamia kampuni ya reli, akajifunza kuwekeza, kisha akaingia katika chuma cha pua. Mwaka 1901 aliuza kampuni yake kwa dola milioni 480. Lakini chuma hicho kilikuwa na doa. Mnamo Julai 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, meneja wake Henry Clay Frick aliwafungia wafanyakazi nje na kuleta walinzi wa kukodiwa. Watu wasiopungua 10 waliuawa, chama cha wafanyakazi kikavunjwa, na tajiri mwenyewe alikuwa likizoni Scotland. Yeyote anayepokea fedha za matajiri kwa ajili ya elimu lazima aulize zimetoka wapi. Wafanyakazi wa Homestead walikuwa na haki ya kuuliza kama mishahara yao ndiyo iliyojenga maktaba za mwajiri wao.

Tangu mwaka 1889 Carnegie alikuwa ameandika kwamba tajiri anapaswa kuigawa mali yake angali hai. Alianza na maktaba, na idadi ya zile alizozifadhili ulimwenguni ilipita 2,500. Hakutoa hivi hivi. Mji uliotaka maktaba ulitakiwa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga, kutoka kodi zake, asilimia 10 ya thamani ya zawadi kila mwaka kwa matunzo. Alitaka umma ubaki na wajibu wake. Mji usiotaka kulipia vitabu na mishahara ya wakutubi haukupata jengo.

Mwaka huo huo wa 1901 aligeukia vyuo vikuu vinne vya nchi alikozaliwa: St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh. Vyuo hivi vilikuwa vikipata ruzuku ya Bunge, lakini karo iliwazuia watoto wengi wa wafumaji na wachimba makaa. Carnegie alitoa dola milioni 10, na namna alivyozitoa ndiyo inayonivutia. Hakuzikabidhi kwa wakuu wa vyuo. Aliunda chombo cha pekee chenye wadhamini wake, mwenyekiti akiwa Lord Elgin. Mtaji ulikuwa katika hati za dhamana zilizozaa asilimia 5, yaani dola 500,000 kwa mwaka, na mapato hayo ndiyo yaliyotumiwa. Nusu ilikwenda kuboresha ufundishaji, maabara na utafiti, na nusu ya pili ikalipia karo za wanafunzi wenye asili ya Scotland ambao karo ingewazuia kusoma.

Si wote waliofurahi. Wapo waliohofia kwamba vijana wangefanywa kuwa ombaomba, na wapo waliochukia kuona mtu mmoja wa chuma akizishika shingo za vyuo vya kale. Jibu la hofu hizo lilikuwa hati yenyewe ya wakfu, iliyowapa wadhamini uwezo wa kubadilisha matumizi pale hali itakapobadilika. Na hali ilibadilika. Katika karne ya 20 serikali ilipoanza kulipa karo za wanafunzi, wakfu huo ulielekeza nguvu zake katika utafiti na ufadhili wa masomo ya juu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye ungali hai. Fedha zote za mwanzo zingekwisha zamani iwapo zingetumiwa kama tunavyotumia fedha za mchango.

Carnegie hakubahatika hivyo kila mara. Mwaka 1905 alitoa dola nyingine milioni 10 ili kuwalipa pensheni maprofesa wa Marekani na Kanada, ambao wengi wao walistaafu bila akiba yoyote. Vyuo vya madhehebu ya dini havikuruhusiwa kunufaika, na vyuo kadhaa vikakata uhusiano wao na makanisa ili vistahili. Hapo mwenye macho anaona jinsi sharti la mtoaji linavyoweza kubadilisha katiba ya chuo bila mtu kupiga kura. Vyuo vikuu vya majimbo, yaani vya umma, navyo viliachwa nje kwanza. Viongozi wa vyuo hivyo walipolalamika, aliongeza dola milioni 5 mwaka 1908, kwa sharti kwamba bunge la jimbo na gavana ndio waombe. Sharti hilo lilikuwa la busara, kwa maana chuo cha umma hakiwezi kuingia katika mkataba mkubwa wa fedha bila wenye chuo, ambao ni wananchi, kujua.

Hata hivyo, hesabu hazikuwa sahihi. Wadhamini walikuwa wameahidi pensheni za bure bila kukadiria sawasawa idadi ya walimu na kupanda kwa mishahara. Baada ya miaka kadhaa ilidhihirika kwamba mfuko usingeweza kutimiza ahadi hiyo. Wakfu ulilazimika kurudi nyuma, na mwaka 1918 likaundwa shirika la TIAA, ambamo mwalimu na chuo chake huchangia wote wawili. Maprofesa waliokuwa wametegemea ahadi ya kwanza walinung'unika, nao walikuwa na haki. Mtu mwema aliyekosea hesabu anaweza kumwacha mzee bila chakula kama anavyoweza mwizi.

Kosa la pili lilikuwa la muundo. Mwaka 1911 Carnegie aliunda shirika lake kubwa kuliko yote, Shirika la Carnegie la New York, akalipa dola milioni 125. Yeye mwenyewe akawa rais, na mezani akawaketisha wakuu wa taasisi nyingine alizozianzisha pamoja na wasaidizi wake. Maana yake ni kwamba waliokuwa wakigawa fedha ndio hao hao waliozipokea. Baada ya kifo chake, kilichotokea tarehe 11 Agosti 1919 huko Lenox, Massachusetts, ilibidi baraza hilo lipanuliwe kwa watu wasio na maslahi ya aina hiyo. Jumla ya mali aliyoigawa maishani mwake ilikuwa takribani dola milioni 350.

Mkondo wa fedha hizo ulifika hata kwetu. Shirika la New York lilisaidia kuanzishwa kwa Shule ya Jeanes huko Kabete mwaka 1925, palipofundishwa walimu wa vijijini. Mahali hapo baadaye pakawa Taasisi ya Usimamizi ya Kenya, na leo ni Chuo cha Serikali. Si kila fedha za shirika hilo barani Afrika zilitumiwa kwa faida ya Mwafrika, kwani miaka iliyofuata liligharamia pia uchunguzi wa umaskini wa Wazungu nchini Afrika Kusini, huku umaskini wa walio wengi ukiachwa kando. Hati ya wakfu haina macho. Macho ni ya wadhamini.

Sasa turudi nyumbani. Sisemi kwamba harambee haina thamani. Katika miaka ya 1970 wananchi wa kawaida walichanga shilingi zao wakaanzisha vyuo vya teknolojia, na baadhi ya vyuo hivyo, kama kile cha Kimathi kule Nyeri na kile cha Kakamega, vimekua vikawa vyuo vikuu vya umma. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini jengo hujengwa mara moja, ilhali karo hudaiwa kila muhula. Nimewahi kuketi katika kamati ya chuo kimoja ambacho sitakitaja, tulipochanga fedha za wanafunzi maskini kwa shangwe kubwa. Fedha hizo ziliwekwa katika akaunti ya matumizi ya kawaida ya chuo, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimelipia umeme. Hakuna aliyeiba. Hapakuwa na hati, hapakuwa na wadhamini, wala hapakuwa na mtu wa kukataa.

Kwa hivyo, kabla ya kuwaita matajiri na wahitimu wetu kwenye karamu za kuchangia, tuyaandike masharti. Kwanza, wakfu uwe chombo tofauti na chuo, wenye akaunti yake na mkaguzi wake, na hesabu zake zichapishwe kila mwaka mahali ambapo mwanafunzi na mzazi wataziona. Pili, mtaji usiguswe. Yatumiwe mapato yake, hata kama mwanzoni yatatosha wanafunzi watano pekee. Tatu, asiketi mezani mtu ambaye ofisi yake itapokea fedha zinazogawanywa, wala mwanasiasa anayetafuta kura, na mdhamini awe na muda maalumu wa kuhudumu. Nne, mtoaji asipewe nafasi ya kuchagua nani afundishe au nini kifundishwe. Tano, na hili ndilo zito zaidi, wakfu usiwe kisingizio cha serikali kupunguza ruzuku. Carnegie alikuwa tajiri kuliko sisi sote kwa pamoja, na bado alikataa kulibeba jukumu ambalo ni la umma.

Walimu wanaweza kuanza kazi hii darasani, kwa kuwafunza wanafunzi kuuliza maswali ambayo tarishi wa Allegheny aliyauliza gazetini: zawadi hii ni ya nani, nani anaigawa, na kwa kanuni gani? Wanafunzi nao wakija vyuoni wadai kuiona hati. Mwanafunzi anayekosa karo muhula huu hawezi kungoja mtaji uzae, na kwa ajili yake tutaendelea kuchanga. Lakini mdogo wake aliye darasa la nne ana miaka minane au tisa kabla ya kufika chuoni. Huo ni muda wa kutosha kuweka wakfu ulio imara, iwapo tutaanza sasa.