Ross Hull na Mawimbi Yaliyopinda



Siku hizi kazi yangu ni ya mafaili ofisini, lakini mapenzi ya redio niliyoyapata hapa shuleni hayajanitoka. Leo napenda kuwasimulia habari za Ross Hull, jina linalofahamika sana kwa watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaorusha na kupokea mawimbi kwa kupenda tu, bila malipo.

Hull alizaliwa Australia mwaka 1902. Angali kijana alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi katika jarida la QST, la chama cha wanaredio wa ridhaa. Wakati huo wengi waliamini kwamba mawimbi ya VHF huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na yakifika upeo wa macho hupotelea angani. Kwa hiyo mtambo wenye nguvu ndogo haukutazamiwa kusikika mbali.

Mwaka 1934, huko West Hartford, Hull alisimamisha eriali kubwa ya kuelekeza mawimbi upande mmoja, akatumia mawimbi ya mita 5. Akawasiliana na wenzake wa upande wa Boston, karibu kilomita 160, ng'ambo ya vilima. Mwingine angeshangilia kisha akaenda kulala. Hull alitaka kujua kwa nini leo sauti ni kubwa na kesho imefifia. Akaandika daftarini siku baada ya siku, akilinganisha nguvu ya mawimbi na hali ya hewa, mpaka siri ikafichuka. Kwa kawaida hewa hupoa kadiri unavyopanda juu. Lakini kuna siku hewa ya joto na kavu hutanda juu ya hewa baridi yenye unyevu. Matabaka hayo yanapokutana, mawimbi hupinda kurudi chini na kuifuata ardhi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1935, na hata leo wenye wati chache huingojea hali hiyo wapate kuzungumza mamia ya kilomita.

Septemba 1938, akishughulika na mtambo wa televisheni, alipigwa na umeme wa volti nyingi, akafa. Hakuwa ametimiza miaka 40.

Habari hiyo hunigusa. Nikiwa kidato cha tatu nilifungua redio kuukuu ya valvu. Nilichomoa waya ukutani, nikadhani yamekwisha. Kumbe kapasita ilikuwa bado imehifadhi umeme, ikanitupa sakafuni. Sikumwambia mwalimu. Nilipata bahati ambayo Hull, aliyenizidi ujuzi mara mia, hakuipata.

Basi wadogo zangu, igeni daftari lake. Ila kabla ya kutia mkono ndani ya mtambo, chomoeni waya, subirini, kisha pimeni kwa mita. Umeme haumjui fundi wala mwanafunzi.