Louis Leakey: Kutoka Kuokota Mawe Kabete hadi Fuvu la Oldupai

Dkt. Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1903, Kabete, karibu na Nairobi. Kabete, kama ilivyokuwa Buigiri katika Ugogo, ilikuwa kituo cha wamisionari wa CMS, na mtoto huyo alikua akizungumza Kikikuyu na wenzake wa rika.

Akiwa na umri wa miaka 12 alipewa kitabu cha watoto kilichoeleza maisha ya Zama za Mawe. Tangu hapo akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yang'aayo kama kioo. Wenyeji waliviita nyembe za mizimu; nyumbani kwao alichekwa. Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, ndiye aliyemthibitishia kuwa baadhi yake zilikuwa zana halisi za watu wa kale.

Mapenzi hayo ya utotoni yakawa kazi. Mwaka 1924 alishiriki kutafuta mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, na mwaka 1931 akaongoza msafara wake wa kwanza Oldupai.

Hata hivyo, mkusanyaji huyu aliponea chupuchupu kupoteza heshima yake yote. Mwaka 1932 alitangaza taya la kale kutoka Kanam, karibu na Ziwa Victoria. Mwanajiolojia Percy Boswell alipofika mwaka 1935 kukagua, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa lilipopatikana: vigingi vya chuma alivyoweka alama vilikuwa vimekwisha ng'olewa, na picha aliyokuwa ameitoa ilikuwa ya mahali pengine. Taya lilikuwapo mkononi, lakini bila mahali lilikotoka halikuthibitisha lolote. Lawama hizo, ambazo kwa kweli alistahili, zilimwandama kwa miaka mingi.

Mwaka 1951, yeye na mkewe Mary walifanya kazi katika michoro ya miambani ya Kondoa, mkoani Dodoma. Huko walinakili michoro kwenye karatasi na kuiacha yenyewe mwambani.

Tarehe 17 Julai, 1959, Louis akiwa kambini na homa, Mary aligundua Oldupai fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Safari hii mahali palijulikana barabara. Fuvu lilipelekwa nje kwa uchunguzi, likakabidhiwa Tanzania mwaka 1965, na limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Leakey alifariki dunia London tarehe 1 Oktoba, 1972, akazikwa Limuru, Kenya, karibu na wazazi wake.