ROBERT OWEN NA WATU WA KIWANDA CHAKE

Kazi inapozorota, msimamizi huwalaumu wafanya kazi kuwa ni wavivu, nao humlaumu yeye kuwa ni mkali asiyewajali. Twaona ni vyema leo tumkumbuke Robert Owen, ambaye maisha yake yanazipa somo pande zote mbili.

Owen alizaliwa mwaka 1771 huko Newtown, nchi ya Wales, akaondoka kwao angali mtoto wa miaka 10 kwenda kutafuta riziki. Tarehe 1 Januari 1800 alishika uongozi wa viwanda vya kusokota pamba vya New Lanark, Scotland, vilivyoanzishwa na mkwewe, David Dale. Alikuta wizi, ulevi na uzembe, na wafanya kazi walimshuku huyu bwana mgeni.

Mabwana wengi wa siku zile wangalishika kiboko. Owen alimtundikia kila mfanya kazi kibao chenye pande nne: nyeusi, buluu, njano na nyeupe. Upande uliogeuzwa mbele ulionyesha mwenendo wake wa jana, tangu mbaya hadi bora kabisa, wala hakutukanwa mtu. Aliyeona ameonewa aliruhusiwa kumwendea Owen mwenyewe. Tena alifungua duka lililouza vitu vizuri kwa bei nafuu.

Hata hivyo, imani haikuja mara moja. Ilikuja pale Marekani ilipozuia pamba yake isisafirishwe, na mitambo ikasimama kwa muda wa miezi 4. Owen hakumfukuza mtu. Aliwalipa wote mshahara kamili, gharama iliyopita pauni 7,000. Tangu hapo watu walijua kwamba bwana huyu hawaoni kuwa vyombo vya kutupwa vinapokosa kazi. Mwaka 1816 alifungua nyumba ya elimu kwa watoto na watu wazima, na saa za kazi zikapunguzwa hadi 10 na dakika 45 kwa siku. Viwanda vikaendelea kuleta faida.

Lakini hatutaki kumsifu kupita kiasi. Mwaka 1825 alianzisha kijiji cha ujamaa huko New Harmony, Marekani, akamkaribisha kila aliyetaka. Wengi walikuja bila ufundi wala moyo wa kazi, naye mwenyewe alikuwa mbali mara kwa mara. Jaribio hilo halikudumu hata miaka 3. Owen alifariki mwaka 1858 katika mji aliozaliwa.

Basi, wako viongozi wanaodai bidii kwa watu ambao hawajawahi kuwatendea haki, na wako wafanya kazi wanaodai haki huku wakikimbia jasho. New Lanark yawasuta wale wa kwanza, na New Harmony yawasuta hawa wa pili. Kila mmoja wetu ajipime, kabla hajamnyoshea mwenzake kidole, kibao chake leo kingegeuzwa rangi gani.