Robert Lowth na Upatanisho wa Kiima na Kitenzi katika Kiingereza

Robert Lowth alizaliwa Winchester, Uingereza, mwaka 1710, akiwa mtoto wa kasisi msomi. Mwaka 1741 aliteuliwa kuwa profesa wa ushairi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mihadhara yake juu ya ushairi wa Kiebrania, iliyochapishwa kwa Kilatini mwaka 1753, ilibainisha kwamba mishororo ya ushairi huo hujengwa kwa usambamba wa maana.

Hata hivyo, wanaisimu humkumbuka zaidi kwa kitabu kidogo cha sarufi ya Kiingereza alichokitoa mwaka 1762 bila kutaja jina lake. Chimbuko la kitabu hicho lilikuwa haja ya kumfundisha mwanawe, Thomas Henry. Humo alisisitiza kwamba kitenzi hakina budi kupatana na kiima chake kwa nafsi na idadi.

Kanuni hiyo iligusa mgogoro wa wakati wake. Kiwakilishi cha umoja 'thou' kilikuwa kimefifia katika mazungumzo ya kawaida, na 'you' cha wingi kikashika nafasi yake. Hivyo wasemaji wengi walitumia 'you was' kwa mtu mmoja na 'you were' kwa wengi, na tofauti iliyopotea katika kiwakilishi ikahifadhiwa katika kitenzi. Lowth aliihesabu desturi hiyo kuwa kosa kubwa, na katika tanbihi zake hakuwasaza hata Addison na Pope. Kwake, umbo la kiwakilishi ndilo lililotawala kitenzi, si idadi ya wanaosemeshwa. Noah Webster wa Marekani aliitetea desturi ya wasemaji. Lakini sarufi ya Lindley Murray ya mwaka 1795, iliyochota mengi kwa Lowth, iliueneza msimamo wa Lowth shuleni. Leo 'you was' imebaki katika lahaja zisizo sanifu.

Kiswahili kina mvutano wa aina hiyo, ila huko maana ndiyo iliyoshinda: kiongozi amefika, wala hakusemwi kimefika, ingawa nomino ina umbo la ki-.

Lowth alifanywa askofu wa London mwaka 1777. Mwaka 1778 alichapisha tafsiri yake ya Isaya. Mwaka huohuo Thomas Henry akafariki. Mwaka 1783 alikataa uaskofu mkuu wa Canterbury, na mwaka 1787 akafariki dunia. Sarufi iliyotungwa kwa ajili ya mtoto mmoja iliendelea kufundisha watoto wa wengine.